Pazia Lisilotundikwa na Mtu

Niliuona mkono kwanza. Ulishuka kutoka juu, ukagusa maji, vidole vikasuguana taratibu kama vya mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi, na kitu cha njano kikaanza kunyesha ndani ya tangi. Samaki wote wakaukimbilia. Mimi nilikuwa upande wa jikoni, mwiko mkononi, sufuria ya ndizi ikitokota nyuma yangu, nikichungulia kwenye ukanda mwembamba wa kioo niliokuwa nimeufuta asubuhi hiyo karibu na usawa wa maji. Sehemu nyingine yote ya kioo ilikuwa kijani kizito kisichopenyeka. Kidole gumba cha ule mkono kilikuwa na kovu refu la kisu cha kupogolea chai, kovu ambalo wifi yangu alishanisimulia. Niligeuza uso upesi, kwa sababu mkono ule haukuwa wa kutazamwa na mimi.

Ulikuwa mkono wa baba mkwe wangu.

Jina lake nalijua. Nimelisoma kwenye kadi yake ya hospitali, herufi kubwa, likanipendeza. Lakini halijapita mdomoni mwangu tangu niolewe, na halitapita leo kwa ajili ya hadithi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Asiyejua hudhani ni chuki, kumbe ni heshima iliyovaa nguo nzito. Vijana wa siku hizi wanaicheka. Harusini wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Mimi pia niliicheka nilipokuwa msichana kule Kisondela, kisha nikaolewa na mtoto wa mtu asiyecheka.

Sasa nieleze tangi la samaki wa bahari lilifikaje Tukuyu, mahali ambapo maji ya chumvi tunayajua ya kwenye sufuria tu. Mume wangu Andrea alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaangukia kwa fundi mmoja anayejenga matangi ya kioo kwenye mahoteli, yale ya matumbawe na samaki wa rangi. Akaipenda kazi ile kuliko alivyonipenda mimi, ingawa mwenyewe anakana. Tulipojenga nyumba yetu Msasani, si ile ya Dar bali ya hapa hapa Tukuyu, aliacha tundu kubwa kwenye ukuta kati ya sebule na jiko, akaliingiza tangi humo, likawa linaonekana pande zote mbili. Mafundi wa tofali walimwona amechanganyikiwa. Yeye akakoroga chumvi ya bahari iliyokuja kwenye mifuko, akatia mtambo wa kupasha maji maana baridi yetu ingewaua samaki kabla kwaya haijamaliza wimbo wa kwanza, akaweka taa, pampu, mawe, na kipande cha tumbawe la zambarau lililooteshwa kwa wafugaji wenzake. Jumapili watu walitoka ibadani Moravian wakapitia kwetu kushangaa. Nilijiona malkia.

Kisha baba mkwe akateleza kijijini kwake Nkunga.

Alikuwa anaishi peke yake tangu mama mkwe afariki, na siku hiyo alibeba mkungu wa ndizi kwenye mteremko wakati mvua imelainisha njia. Nyonga ikavunjika. Daktari alimwambia Andrea wazi kwamba mzee akianguka mara nyingine hatasimama tena. Na nyumba ile ya Nkunga unaijua mwenyewe kama umewahi kupita: iko ubavuni mwa mlima, choo kiko bondeni, na mvua ya Rungwe haina likizo. Andrea akamleta kwetu, akamweka sebuleni kwenye kiti chenye mito, akiangaliana na tangi. Kabla hajarudi Dar kwenye kazi ya hoteli aliyokuwa ameshaikubali, akamwachia kila mtu maagizo yake.

Wifi yangu Ikupa, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa anakuja asubuhi na jioni kumhudumia baba yake. Asubuhi na mchana niliweka sinia la chakula juu ya kigoda mlangoni pa sebule, nikabisha, nikaondoka kabla gongo lake halijafika. Siku ya kwanza tu mzee alimwambia Ikupa, kwa sauti ya kufika jikoni:

"Nimekubali kukaa. Lakini siku nitakapoona mkamwana anateseka nyumbani kwake kwa ajili yangu, nitafutieni gari la Nkunga. Sitaki mjadala."

Mzee yule akisema hataki mjadala, hakuna mjadala. Nilielewa hapo hapo kwamba uhai wake ulikuwa umening'inia kwenye neno moja: nisiteseke. Au, kama nateseka, asijue.

Na niliteseka. Kioo kilikuwa kinang'aa, na kutoka kwenye kile kiti mtu angeona jiko lote kuanzia kiunoni kwenda juu. Basi nikawa natokea mlango wa nyuma, nainama, napita chini ya usawa wa tangi kama mwizi wa kuku, nawasha jiko la mkaa sakafuni, na kupika nikiwa nimechuchumaa. Mimi ni mrefu. Kisondela walikuwa wakiniita ngazi. Hebu fikiria ngazi iliyokunjwa ikikoroga ugali. Magoti yalilia kila nilipogeuka, mgongo ukakataa kulala usiku, lakini sikumwambia mtu, hata Andrea kwenye simu. Nilijua nikisema yatamfikia mzee, na gari litaitwa.

Ndipo ule ukijani ukaanza.

Kwanza ilikuwa vumbi la kahawia kwenye kona. Kisha manyoya mafupi ya kijani yakaota juu ya mawe, yakapanda kioo, yakarefuka, yakawa yanayumba na maji. Siku zikipita, jiko langu likafunikwa taratibu. Asubuhi moja nilinyanyuka kwa bahati mbaya kuchukua chumvi kabatini, nikageuka kwa hofu, nikakuta upande wa pili sioni kitu ila rangi ya migomba. Nikabaki nimesimama. Nikanyoosha mgongo mpaka ukalia, na nikiri kwamba nilianza kuimba.

Utauliza, si mngetundika pazia? Sawa, nani atundike? Nikitundika mimi, nimemwambia baba mkwe kwamba macho yake yananikera. Akitundika yeye, ametoa amri kwenye nyumba isiyo yake. Akitundika Andrea, ametangaza kwamba baba na mke wake hawawezi kukaa chini ya paa moja. Kila msumari wa pazia lile ungekuwa tusi kwa mtu fulani. Lakini ukijani ulikuja wenyewe, haukuagizwa na yeyote, na kwa muda niliuona ni neema.

Neema ile ilikuwa na njaa, hata hivyo. Ilipomaliza kioo ikashuka kwenye tumbawe. Yale matawi ya zambarau, ambayo Andrea alikuwa akiyaaga kabla ya kuniaga mimi, yakaanza kufungwa na nywele za kijani, na ncha zake zikageuka nyeupe. Samaki wadogo wawili wa rangi ya chungwa wakawa wanahema juu juu asubuhi. Kangaja, samaki ambaye kazi yake humo ndani ni kula mwani, alikuwa ananenepa na wala haugusi. Nikampigia mume wangu.

"Mwani haushuki kutoka mbinguni," Andrea aliniambia. "Kuna kitu unakula. Ni mwanga, au maji, au chakula. Tafuta."

Nikatafuta, tena bila kubahatisha, maana mimi nikianza kazi huwa siiachi. Mwanga: nikapunguza saa za taa. Maji: kweli, mtambo wa kuchuja ulipoleta uvivu nilikuwa naongezea ya bomba, na maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano, yamebeba madini yanayonenepesha migomba yote ya wilaya. Mwani nao hauna adabu ya kukataa. Nikausafisha mtambo, nikaacha kabisa maji ya bomba. Kikabaki chakula, na chakula nilikuwa nalisha mimi, kwa kile kijiko kidogo alichoniachia. Manyoya yakazidi kurefuka. Andrea, fundi wa mahoteli, akaniambia kwenye simu kwamba hata yeye ameishiwa mbinu.

Hapo ndipo nilipofuta ule ukanda mwembamba nichungulie samaki kama wazima, na hapo ndipo mkono uliposhuka.

Kile cha njano kilikuwa kiini cha yai. Yai langu! Kila asubuhi nilipeleka mayai ya kuchemsha kwenye sinia, kila asubuhi sahani ilirudi tupu, nami nikajisifu kwa Ikupa kwamba mzee anayapenda mayai yangu. Kumbe nilikuwa napika mbolea. Nilicheka peke yangu, kisha nikakaa chini kuwaza. Nilifikiri nimeshaelewa. Kwetu mgeni hashindi njaa. Mtu akitoka mbali utampa ndizi, utampa maziwa, na akisema ameshiba utamwongezea. Sasa hawa samaki wametoka bahari ya Hindi mpaka Tukuyu, na chakula chao ni vumbi la kijiko kimoja. Mzee wa Nkunga angevumiliaje?

Ilibidi aambiwe aache, na nani wa kumwambia? Nikimtuma Ikupa, nimemshitaki baba mbele ya mwanawe. Lakini kwetu kuna njia ya kusema na mtu usiyeweza kusema naye. Unamsemesha mbuzi, au kuku, au mtungi wa maji, na mwenye masikio anasikia. Kesho yake, Ikupa alipokwenda shule, nilisimama mbele ya tangi nikasafisha koo.

"Wageni wangu," niliwaambia samaki, kwa sauti ya kupita ukuta, "mmetoka mbali, na anayewaongezea mayai anafanya hivyo kwa upendo. Lakini matumbo yenu ni madogo kuliko upendo wake. Kinachobaki kinaoza, na kilichooza ndicho kinachoota haya manyoya. Mwambieni asante, mmeshiba."

Nikasikia gongo likikwaruza sakafu, likisogea. Sauti iliyotoka upande wa pili ilikuwa karibu kuliko nilivyotegemea.

"Samaki," alisema baba mkwe wangu, "mwambieni mwenye jiko kwamba mimi si mtoto. Mwanangu aliniambia siku ya kwanza: baba, usiwalishe, chakula kikizidi, kioo kitaota manyoya. Nilimsikia vizuri sana. Na chai nimeitumikia maisha yangu yote. Mbolea ikizidi, magugu ndiyo yanayoshiba kwanza. Nilijua ninachokipanda."

Nilisogea karibu na kioo.

"Mlipokuwa mnang'aa," aliendelea, taratibu, kama mzee anayetoa ushahidi barazani, "nilisikia magoti ya mtu yakilia. Mwenye nyumba anapika amechuchumaa kwenye nyumba yake kwa sababu ya nyonga yangu. Nikasema moyoni, wiki hii naondoka. Halafu yai likanidondoka majini kwa bahati mbaya, na baada ya siku chache kona ile ikaota kijani, nikakumbuka neno la mwanangu. Mlipofunikwa, nikasikia hatua zake zimesimama wima. Akaimba. Sasa niambieni ninyi samaki, ningeacha kuwalisha?"

Nililia. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimejiona mjanja ninayemficha mzee mateso yangu, na muda wote yeye alikuwa ameketi upande wa pili akinishonea faragha kwa viini vya mayai. Nilifuta uso kwa ncha ya kitenge. Lakini ukweli ulibaki ukweli, na nilikuwa nimeshaanza kusema.

"Samaki wangu," nilisema, "aliyewafunika Mungu ambariki. Ila tumbawe linakufa. Nanyi mnakufa."

Nilisikia akivuta pumzi.

"Nimesikia," alisema.

Jioni Ikupa aliingia jikoni na viatu vyake vya shule. "Wifi, mmefanyaje humu? Baba anataka nimwite Asajile na gari lake Jumamosi. Anasema anarudi Nkunga, hataki mjadala. Wifi, kule ataanguka."

Kumbe hesabu aliyopiga ilikuwa nyepesi: kioo kikisafishwa, mimi nitachuchumaa tena, asingekubali hilo, na asingekubali samaki wa mwanawe wafe. Kilichobaki cha kuondolewa ni yeye mwenyewe. Ikupa alikuwa analia. Mimi nililia asubuhi, jioni nilikuwa nimemaliza.

"Wewe mwite Asajile kama ulivyotumwa," nilimwambia. "Mengine niachie."

Nilikuwa na kitenge cha bluu chenye ndege weupe alichonipa mama siku ya harusi, hakijakatwa. Nilikipima kwa upana wa tangi, nikakikunja pindo kwa mkono, nikapitisha kamba ya katani juu yake. Ijumaa mchana nilipanga sinia kama kawaida: ndizi, maharage, parachichi, na yai. Chini ya sahani nikaweka kitenge kilichokunjwa, na juu ya kitenge nyundo na misumari. Nikabisha mlango, nikaondoka. Nilikuwa nimelifikiri jambo lile vizuri. Kitambaa kilikuwa changu na mkono wa kukitundika ungekuwa wake, upande wake, wa kufunga na kufungua apendavyo yeye. Hapo hakuna aliyemfungia mwenzake.

Sinia lilirudi bila kitenge. Nyundo sikuisikia. Jioni ikapita.

Jumamosi ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye madirisha. Gari la Asajile likapiga honi nje. Nilimsikia Ikupa akifunga mkoba wa baba yake, akivuta zipu inayogoma. Mimi, mtu ninayejiamini, nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikijiambia kwamba mzee amekichukua kitenge kama zawadi ya kuagana, nami nimempa misumari ya safari yake. Honi ikalia tena.

Ndipo nyundo ikagonga ukutani.

"Baba!" sauti ya Ikupa. "Asajile anasubiri!"

"Mwambie anisamehe. Kuna kazi ya watu nimepewa, siwezi kuiacha katikati. Hebu nishikie huu msumari, nyonga inanisumbua."

Andrea alinitumia kwa basi konokono wa baharini kwenye mfuko wenye hewa, na kishada cha mwani mwingine, ule mwema, wa kuotesha kwenye boksi la chini ya tangi ili uunyang'anye ule mbaya riziki. Niling'oa manyoya kwa vidole, nikapiga mswaki jiwe moja moja, nikabadilisha maji kidogo kidogo. Kangaja aliponyimwa mayai alikumbuka kazi yake. Kazi ile haina haraka. Leo unasafisha, kesho kunaota tena, keshokutwa kunaota kidogo. Nilipika nimesimama, nyuma ya ndege weupe, na mayai yakawa yanarudi kwenye sinia bila kuguswa. Kumbe mzee yule hakuwahi kupenda mayai hata siku moja. Nikaanza kumpelekea maziwa mgando.

Mvua kubwa zilipokwisha, tumbawe lilikuwa limeota ncha mpya za zambarau, nyembamba kama sindano. Kioo kilikuwa safi kiasi kwamba upande wangu nilihesabu nyuzi za kitenge. Asubuhi moja nilikuwa nageuza ndizi za kukaanga, wembe wa kukwangulia kioo ukiwa mkono wa pili, nikaona ndege weupe wanakunjamana. Pazia likavutwa pembeni, pole pole, mpaka mwisho wa kamba.

Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Ndevu nyeupe, kofia ya sufu, macho yanayomfuata kangaja kutoka kona moja mpaka nyingine. Alilitazama tumbawe muda mrefu, kama mtu anayekagua mche wa chai. Kisha akainua macho, yakapita katikati ya samaki, yakafika kwangu.

"Ugonile," alisema, salamu yetu ya asubuhi, ya kumuuliza mtu kama amelala salama.

Hakukuwa na samaki wa kusingiziwa. Nilisikia magoti yangu yakianza kukunjika yenyewe, kwa mazoea, kwa heshima, kwa woga, sijui. Aliinua ule mkono wenye kovu.

"Simama, mwanangu," alisema. "Ndizi zinaungua."

Kweli zilikuwa zinaungua.